Chumba Chako cha Kwanza Kisii: Ona, Uliza, Andika, Ndipo Ulipe

  

Leo ninazungumza na watu watatu. Wa kwanza ni wewe mwanafunzi uliyepata nafasi ya kujiunga na chuo hapa Kisii, na hujui mtu wala mtaa. Wa pili ni wewe mzazi, unayemtoa mtoto nyumbani kwa mara ya kwanza na moyo umekuwa mzito. Wa tatu ni wewe mwenye nyumba, pale Daraja Mbili, Mwembe, Jogoo, Nyanchwa au Nyamage, unayesubiri wapangaji wapya. Naomba wote watatu mkae nami mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe ni moja: chumba cha mwanafunzi.

Neno langu la leo ni fupi, na nitalirudia mara kadhaa ili lisisahaulike. Ona, uliza, andika, ndipo ulipe. Ukiufuata mpangilio huo, matatizo mengi yatakupita. Ukiupindua, ukaanza kwa kulipa na kumalizia kwa kuona, basi umejitafutia taabu.

Sasa, kwa nini mwanafunzi wa chuo kikuu atafute chumba mtaani? Mzazi mwingine ananiuliza hivyo kwa mshangao. Yeye alisoma Nairobi au Kenyatta miaka ya 1980. Alifika chuoni na sanduku lake, akapewa chumba, akapewa chakula, na pesa za matumizi juu yake. Mzazi wangu, hali hiyo ilibadilika. Mwaka 1991 Serikali ilianzisha utaratibu wa wanafunzi kuchangia gharama, na tangu hapo malazi na chakula vimekuwa mzigo wa mwanafunzi na jamaa yake.

Hapa Kisii kuna sababu nyingine. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, katika ekari 61 zilizotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii la wakati huo. Mwaka 1994 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Egerton. Mwaka 2007 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na Februari 2013 Rais Mwai Kibaki akakikabidhi hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hebu fikiria safari hiyo. Mahali palipotengewa walimu wanafunzi wa miaka ya sitini, leo panapokea vijana kutoka kila pembe ya Kenya. Ongeza Kisii National Polytechnic. Ongeza chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC. Wote hao wanatafuta mahali pa kulala katika mji mmoja uliobanwa na vilima, katika eneo ambalo ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Hosteli za ndani ya chuo haziwezi kuwatosha. Ndiyo maana vyumba vya kupangisha vimejengwa kila upande.

Basi kabla hujaanza kutafuta chumba mtaani, jiulize kwanza: je, nimejaribu kupata hosteli ya chuo? Mwaka wa kwanza, hosteli ya chuo ina faida zake. Uko karibu na darasa na maktaba, askari wa chuo wako getini, na unajifunza mji polepole ukiwa na wenzako. Nafasi ni chache na huenda kwa aliyewahi. Kwa hiyo ukishapata barua yako, soma maelezo ya malazi siku hiyo hiyo, omba mapema, na lipa kupitia akaunti rasmi ya chuo peke yake. Mtu akikuambia anaweza kukuuzia kitanda chake cha hosteli kwa njia ya pembeni, mkatae. Kitanda cha chuo hakiuzwi na mwanafunzi mwenzako.

Swali la pili: je, kwetu ni karibu? Kama unatoka Suneka, Mosocho, Keroka au karibu na mji wa Nyamira, kaa na wazazi mpige hesabu ya nauli ya matatu ya kwenda na kurudi, mwezi mzima. Linganisha na kodi ya chumba pamoja na chakula, maji na stima. Kuna jamaa ambazo zitaona heri mtoto atoke nyumbani kila asubuhi, hasa muhula wa kwanza, halafu ahamie mjini akishaujua. Hakuna aibu katika hilo. Lakini kama masomo yako yanaisha jioni na mvua yetu unaijua, basi chumba cha mjini kinaweza kuwa na maana zaidi. Hesabu ifanyeni pamoja, mtoto na mzazi.

Haya, sasa tuseme umeamua kupanga. Twende hatua ya kwanza. Ona.

Nikisema ona, nina maana ufike mwenyewe, kwa miguu yako, au afike mtu wako wa kuaminika. Picha ya simu haitoshi. Kila msimu wa wanafunzi kufungua chuo, matangazo hujaa kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp. Chumba kizuri, tailisi zinang'aa, kodi rahisi kuliko kawaida. Unapiga simu, unajibiwa kwa upole: "Vimebaki viwili tu, tuma amana kwa M-Pesa nikushikie." Unatuma. Unafika Kisii na begi lako, unapiga ile namba, imezimwa. Chumba ulichoonyeshwa hakipo, au kipo na kina mtu wake ambaye hajawahi kukusikia.

Je, utamtambuaje tapeli? Mtambue kwa haraka yake. Mwenye nyumba wa kweli anataka mpangaji atakayekaa, kwa hiyo hachoki ukimwambia, "Nitakuja Jumamosi nione." Tapeli hana Jumamosi. Yeye ni leo, ni sasa hivi, ni kabla mwingine hajachukua. Ukisikia presha ya namna hiyo, funga mkoba. Na kama uko mbali, uko Garissa au Kwale, na huna mtu hapa, fanya hivi: tafuta mwanafunzi anayeendelea na masomo kupitia viongozi wa wanafunzi au chama cha wanafunzi wa kaunti yenu, au kanisa lenu, au msikiti wenu, akuonee. Njia nyingine ni kufika siku mbili tatu mapema, ukalala kwa jamaa au katika gesti ya bei nafuu yenye sifa njema, ukatafuta chumba mchana ukiwa umetulia. Gharama ya usiku mmoja wa gesti ni ndogo kuliko amana iliyoliwa.

Kuna pia ajenti, yule anayekuzungusha kukuonyesha nyumba. Ajenti si adui. Wako wanaofanya kazi safi. Lakini mkubaliane mapema atalipwa nini, na nani anamlipa. Kodi na amana usimpe mkononi mpaka uwe umemwona mwenye nyumba au keyateka anayejulikana na wapangaji, na ukathibitisha kwamba huyo ajenti anaruhusiwa kupokea.

Sasa umefika, mlango umefunguliwa. Uangalie nini?

Angalia maji. Fungua bomba lenyewe, usiridhike kwa kuliona tu. Mji wa Kisii hupata mvua karibu mwaka mzima, lakini mvua mlimani si maji bombani. Uliza kama kuna tangi la akiba, na bomba likikauka watu huchota wapi na kwa pesa ngapi kila mtungi. Ploti isiyo na tangi itakutoa kitandani alfajiri na jerikeni mkononi, siku ya mtihani.

Angalia kuta na dari. Mvua yetu haina huruma na nyumba mbovu. Tafuta alama za maji kwenye dari, tafuta ukungu nyuma ya mlango na pembeni ya dirisha. Vuta pumzi. Chumba chenye unyevu kina harufu yake. Magodoro huoza, vitabu huota ukungu, na mwenye pumu hawezi kupona humo. Nyumba ikiwa bondeni, waulize majirani: mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi? Ikiwa mlimani, angalia njia ya kufika. Mteremko wa udongo ambao mchana unaupanda bila taabu, baada ya mvua ya alasiri ni telezi tupu.

Angalia mlango na dirisha. Kufuli inafunga? Dirisha lina vyuma? Lakini pia, chumba kikiwaka moto, utatokea wapi? Ploti yenye geti moja linalofungwa usiku na ufunguo kubebwa na mtu asiyelala hapo ni hatari. Uliza ufunguo uko kwa nani.

Angalia stima. Washa taa. Tazama nyaya: zimeingia ukutani vizuri, au zinaning'inia juu ya kitanda? Soketi ni nyeusi kwa kuungua? Usione haya kuuliza.

Na jambo ambalo wengi hulisahau: rudi pale saa moja usiku, usiwe peke yako. Tembea njia ile utakayopita ukitoka maktaba. Kuna taa? Kuna watu? Kuna vichaka na vichochoro? Kwa binti zetu hasa, na kwa wavulana pia, chumba rahisi kilicho mwisho wa njia ya giza si rahisi. Utakilipia kwa bodaboda kila jioni, au kwa hofu.

Nimesema Daraja Mbili, na wasikilizaji wa huko wananisubiri niseme lolote. Haya, tuseme. Daraja Mbili ni mahali pa soko kubwa, na mtu anayeishi karibu na soko hana njaa ya bei ghali. Ndizi, managu, chinsaga, viazi, parachichi, vyote viko mlangoni. Mwanafunzi anayejipikia anaokoa pesa nyingi. Lakini siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, watu huamka usiku wa manane. Magari yanashusha mizigo, njia zinajaa, kelele ni ya riziki. Je, wewe ni mtu wa kusoma alfajiri kwa utulivu? Je, utavuka umati ule ukiwa na darasa la asubuhi? Basi tembelea Daraja Mbili siku ya Alhamisi kabla hujaamua, usiende Jumapili ukadanganywa na ukimya. Chuo chenyewe kiko kama kilomita mbili kutoka katikati ya mji, upande wa barabara ya Kilgoris. Itembee njia kwa miguu kutoka chumba unachokitaka mpaka getini mwa chuo. Dakika utakazotumia ndizo zako kila siku, mvua na jua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ipi? Ona. Maji, kuta, mlango, stima, njia ya usiku, na siku ya soko.

Hatua ya pili. Uliza.

Uliza bei, lakini usiishie hapo. Kodi ya mwezi ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue mfano. Tuseme chumba ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Mwanafunzi anafika na shilingi 4,000, anadhani amemaliza. Mwenye nyumba anamwambia alipe mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja. Hiyo tayari ni 8,000. Juu yake kuna pesa za maji, za takataka, za mlinzi, na tokeni za stima. Bado hajanunua godoro wala sufuria. Basi uliza hivi, bila kuogopa: siku ya kwanza nitatoa jumla ya pesa ngapi? Na kila mwezi, vyote vikijumlishwa, ni ngapi? Andika jibu.

Uliza kuhusu stima. Je, nina mita yangu, au tunachangia mita moja ya ploti? Mkichangia, mnagawanaje? Ugomvi mwingi wa ploti huanzia hapo, mmoja anapika kwa koili ya umeme na mwingine ana taa moja tu, na bili ni sawa.

Uliza kuhusu likizo. Hili nawaomba mlisikilize vizuri. Muhula ni takriban miezi minne, na baada ya mwaka wa masomo kuna likizo ndefu. Ukienda nyumbani, chumba kinaendelea kuhesabiwa? Utalipa kodi nzima, nusu, au utaondoa vitu vyako? Kila mwenye nyumba ana desturi yake. Ukiuliza siku ya kwanza, ni mazungumzo. Ukiuliza siku ya kurudi, huku kodi ya miezi mitatu inakusubiri mlangoni, ni kesi.

Uliza kuhusu amana. Amana ni pesa yako inayoshikwa na mwenye nyumba, ili ukiharibu kitu au ukiondoka na deni, apate pa kufidia. Usipoharibu na usipodaiwa, ni haki yako kurudishiwa. Uliza: nitarudishiwa lini? Nini kitakatwa? Rangi italipwa na nani?

Uliza kanuni za ploti. Geti linafungwa saa ngapi? Wageni wanaruhusiwa? Muziki je? Notisi ya kuhama ni ya muda gani?

Na baada ya kumuuliza mwenye nyumba, waulize wapangaji. Wapate peke yao, keyateka akiwa mbali. "Dada, hapa mnapata maji? Wizi upo? Mwenye nyumba ukimwambia bomba limepasuka, anakuja?" Mpangaji wa zamani atakuambia kwa dakika tano mambo ambayo ungeyajua kwa mwaka mzima. Kuuliza si ujinga.

Hatua ya tatu. Andika.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chumba ni mali ya mwenyewe, na amana ni mali yako. Vyote viwili vinataka daftari. Mkataba wa chumba hauhitaji Kiingereza kigumu. Karatasi moja inatosha: jina la mwenye nyumba na namba ya kitambulisho chake, jina lako na namba yako, namba ya chumba na ploti, kodi ni ngapi na inalipwa tarehe ngapi, amana ni ngapi na inarudi lini, maji na stima analipa nani, likizo mmekubaliana nini, notisi ni siku ngapi. Sahihi mbili, shahidi mmoja, nakala mbili. Kila mtu abaki na yake.

Kumbuka, katika sheria ya Kenya mtu mzima ni aliyetimiza miaka 18. Wako wanafunzi wanaoingia chuoni na miaka 17. Kama ni wewe, mzazi au mlezi ndiye aweke sahihi. Mzazi, usikatae kwa kusema, "Ameshakuwa mkubwa." Weka sahihi, na uchukue namba ya simu ya mwenye nyumba uwe nayo.

Kisha toa simu yako upige picha. Kioo kilichovunjika, soketi iliyolegea, doa la rangi ukutani, mlango uliotoboka. Zipige siku ya kuingia, mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa ujumbe wa heshima: "Shikamoo mama, hivi ndivyo nilivyokikuta chumba." Siku utakapohama, hutalipishwa kioo ulichokikuta kimevunjika.

Halafu ndipo ulipe. Lipa kwa njia inayoacha alama: benki, au M-Pesa, na uhakikishe jina linalotokea kwenye simu ni lile lililo kwenye mkataba. Ukilipa pesa taslimu, usiondoke bila risiti. Ujumbe wa malipo usiufute. Uhamishie mahali pengine, kwa kuutuma kwa barua pepe yako au kwa mzazi, maana simu huibwa.

Na ikitokea mgogoro? Kwanza mzungumze, kwa heshima. Mengi humalizwa na kikombe cha chai. Ikishindikana, nenda ofisi ya chuo inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi, au kwa viongozi wenu, au kwa chifu wa eneo. Ikishindikana tena, sheria ipo. Kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake la kusikiliza kesi. Sheria hiyo inamkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame. Kwa madai ya pesa, kama amana isiyorudishwa, Bunge lilipitisha mwaka 2016 sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Hata pale unapodaiwa kodi kweli, kubeba godoro lako si kazi ya keyateka. Sheria ina utaratibu wake, na kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Lakini je, mbele ya chifu au mbele ya hakimu, utaulizwa nini kwanza? Utaulizwa karatasi. Ndiyo maana nasema andika.

Upande wako pia, mwanafunzi, una wajibu. Kodi ilipwe tarehe mliyokubaliana. Najua pesa za mkopo wa HELB mara nyingi huingia wiki kadhaa baada ya masomo kuanza. Basi usimwahidi mwenye nyumba pesa ambayo haijafika. Fika na kodi ya kuanzia kutoka nyumbani, na mkopo ukiingia, ondoa kwanza kodi ya miezi iliyobaki kabla hujaona viatu vipya. Ukiona utachelewa, nenda ukamwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe. Usimkwepe getini.

Niseme kidogo kuhusu kukaa wawili. Kugawana chumba hupunguza kodi kwa nusu, na ugenini mwenzako ni faraja. Lakini rafiki wa kucheka naye si lazima awe wa kuishi naye. Kabla ya kuhamia pamoja, zungumzeni: analala saa ngapi, anapika au ananunua, wageni wake hulala? Na majina yenu wote wawili yaingie kwenye mkataba. Asipoandikwa mmoja, siku mwenzake akihama, aliyebaki ataitwa mvamizi, au aliyeandikwa atabeba kodi yote peke yake.

Ukishapata chumba, usiharakishe kununua vitu vipya dukani. Nenda Daraja Mbili siku ya soko. Mashuka na blanketi za mitumba, mapazia, ndoo, beseni, utapata kwa bei ya kuelewana. Godoro nunua jipya. Chandarua usikisahau: watu wa nje hudhani milimani hakuna malaria, na nyanda hizi za Kisii zimewahi kupata milipuko mikali ya ugonjwa huo. Na jambo moja la uhai na kifo. Usiku wetu una baridi, na mwanafunzi hushawishika kuingiza jiko la makaa chumbani apate joto. Usifanye hivyo. Hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Pika nje au mlango ukiwa wazi, na jiko lisilale ndani. Ukitumia meko ya gesi, funga mtungi kabla ya kulala.

Sasa nimgeukie mwenye nyumba. Mama, baba, najua vyumba hivyo havikuota kama uyoga. Wengine mmevijenga kwa pensheni ya ualimu, wengine kwa pesa za chama, wengine kwa jasho la miaka mingi sokoni, kwenye kipande cha shamba ambacho hakitoshi tena kulima. Mna haki ya kodi yenu, kwa wakati. Lakini huyo kijana anayebisha hodi ana miaka kumi na minane, na wewe ndiye mtu mzima wa kwanza anayekutana naye katika mji huu. Mpe risiti bila kuombwa. Mpe mkataba kwa lugha anayoielewa. Weka taa getini. Likizo ikifika, mfikirie. Amana yake itunze, usiitumie kama yako, ili siku ya kuhama umrudishie mkononi. Mwanafunzi aliyetendewa haki hukuletea wadogo zake, na chumba chako hakitakaa tupu.

Tukusanye tuliyoyasema. Ona, kwa macho yako au ya mtu unayemwamini, mchana na jioni. Uliza, jumla ya gharama, likizo, amana, na uwasikilize wapangaji. Andika, karatasi moja, sahihi mbili, picha za siku ya kuingia. Ndipo ulipe, kwa njia yenye alama.

Na ombi langu la mwisho nalielekeza kwako wewe mwanafunzi wa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, unayeijua Kisii kila kichochoro. Wiki ya kufungua chuo utawaona wageni na mabegi yao stendi, wakigeuka huku na huku na simu mkononi. Usimgeuze mgeni huyo kuwa biashara ya siku moja. Toa saa moja ya wakati wako, umpeleke kwenye ploti unazozijua, umwonyeshe yenye maji na umkanye na isiyo na usalama. Mkimsindikiza kila mgeni kwa namna hiyo, matapeli wa vyumba watakosa mtu wa kumlaghai katika mji huu.